Nusu saa ya hadithi: namna ya kuwafikisha waandishi wapya wa Kiswahili redioni Uganda

Tangu Sanyu FM na Capital FM zianze kusikika Kampala mwaka 1993, redio za binafsi zimeenea hadi miji midogo ya Uganda. Mtu wa Busia, Koboko au Mutukula anaweza kukosa duka la vitabu karibu naye, lakini redio hakosi. Kwa hiyo mwandishi chipukizi wa Kiswahili nchini hapa nashauri atafutiwe wasikilizaji kwanza, wasomaji watafuata.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mtangazaji, kiongozi wa klabu ya waandishi au mtu yeyote anayetaka kuanzisha kipindi cha nusu saa kila wiki, chenye hadithi fupi moja ya mwandishi mpya. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili Uganda tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, wazee wengi wa Uganda walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka mdomoni mwa askari mwenye bunduki. Hadithi nzuri isomwayo usiku jikoni, watu wakisubiri chakula, inawapa sauti nyingine ya lugha hiyo hiyo. Kazi hii ina uzito wake, na tuifanye vizuri.

Hatua ya kwanza: kusanya hadithi kabla ya kutafuta kituo

Wengi huanza kwa meneja wa redio, wakiwa na wazo tu mkononi. Meneja husikia mawazo kila siku. Nenda kwake ukiwa na hadithi sita zilizokwisha kuhaririwa na mbili zilizorekodiwa, umwekee moja asikilize hapo hapo. Mtu akishasikia hadithi akataka kujua mwisho wake, mazungumzo ya muda wa hewani huwa mepesi.

Waandishi wako wapo, ila wametawanyika. Watafute kwa walimu wa Kiswahili wa sekondari, kwa wanafunzi wa Makerere na Kyambogo, kwenye kambi za jeshi na polisi ambako watoto wamekua wakizungumza Kiswahili, kwa Wanubi wa Bombo, kwa wafanyabiashara wa mipakani, na kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja, ambako Wakongo wengi wanaishi na Kiswahili chao. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake chenye ofisi Kampala, kimelea waandishi tangu miaka ya 1990. Waombe wakutangazie mwito, hata kama kazi zao nyingi ni za Kiingereza.

Mwito wenyewe uwe mfupi na uwe wazi. Huu hapa unaweza kuusoma hewani au kuubandika ukutani:

"Tunapokea hadithi fupi za Kiswahili kutoka kwa watu wanaoishi Uganda ambao hawajawahi kuchapisha kitabu. Isizidi maneno 1500. Unaweza kuandika kwa simu au kwa mkono. Ukiandika kwa mkono, piga picha ukurasa kwa ukurasa, au uiache mapokezi. Usipoweza kuandika, isimulie, ujirekodi kwa simu, ututumie sauti. Unaweza kutumia jina la kalamu. Mwisho wa kupokea ni tarehe fulani. Hadithi itakayosomwa hewani italipwa shilingi kadhaa."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Kama mfuko ni mdogo, taja kiasi kidogo, lakini kilipwe siku ya kipindi. Mwandishi aliyelipwa elfu hamsini taslimu ataandika tena. Aliyeahidiwa laki mbili akazungushwa miezi mitatu hatarudi, na atawaambia wenzake.

Hatua ya pili: chagua bila kuangalia jina

Mtu mmoja apokee hadithi, aziandikie namba na kuficha majina. Wawili wengine wasome kila mmoja peke yake, halafu wakutane. Msitafute hadithi isiyo na makosa ya tahajia, kwani hayo yanarekebishika kwa saa moja. Tafuteni hadithi yenye mtu anayetaka kitu na kitu kinachomzuia, na mwandishi anayejua mahali anapopaandika. Aliyewahi kuuza samaki wa mukene (dagaa) sokoni huandika harufu yake, bei yake na mchanga wake. Ambaye hajawahi huandika tu kwamba "soko lilikuwa limechangamka".

Hadithi za mahubiri zitakuja nyingi: msichana alikataa ushauri, akaenda mjini, akaharibikiwa. Usizitupe zote. Mara nyingi ndani yake mna ukurasa mmoja wa kweli, hasa pale msichana anapofika stendi na hajui aelekee wapi. Mrudishie mwandishi na umwambie aanzie hapo.

Aliyekataliwa naye aandikiwe. Mistari mitatu inatosha: nini kilituvutia, nini kilitukwamisha, mwito ujao ni lini.

Hatua ya tatu: hariri kwa sikio

Kipindi husimama au huanguka hapa, kwa hiyo hatua hii ipe muda mwingi kuliko zote. Msomaji wa kitabu akipotea hurudi nyuma mistari miwili. Msikilizaji hana pa kurudi. Akipotea, anabadilisha stesheni.

Tazama sentensi ya aina hii, ambayo waandishi wapya huipenda:

"Akiwa ameketi kwenye benchi lililokuwa limepakwa rangi ya kijani iliyoanza kubanduka kwa jua la miaka mingi, mwanamke yule aliyewasili kutoka Mutukula alfajiri ile, ambaye mumewe alikuwa askari aliyehamishiwa Arua bila yeye kuarifiwa, aliifungua barua."

Kwenye karatasi inapita. Redioni, tunapofika kwenye barua tumeshasahau nani ameketi. Ifanye hivi:

"Mwanamke alikaa kwenye benchi. Alikuwa ametoka Mutukula alfajiri ile. Mumewe alikuwa askari. Walimhamishia Arua, na hakuna aliyemwambia mkewe. Aliifungua barua."

Rangi ya benchi imeondoka. Kama mwandishi anaipenda sana, aitafutie sentensi yake yenyewe. Usimfutie bila kumuuliza.

Kuna mtego mwingine, na huu unatuhusu sisi wa Kiswahili. Kitenzi chetu hakituambii kama mtendaji ni mume au mke: "alimtazama, akamwambia, akaondoka". Nani alimtazama nani? Kwenye tukio la watu wawili, rudia jina au namna mtu anavyoitwa mara nyingi kuliko ungefanya kitabuni: shangazi alimtazama, kijana akamwambia, shangazi akaondoka. Kwa jicho inaonekana kama marudio mengi. Sikio linashukuru.

Majina nayo yatofautiane kwa sauti. Okello, Okot na Opio katika hadithi moja ya dakika kumi na tatu ni mateso kwa msikilizaji. Ukibadilisha wawili wakawa Mzee Opio na Kato, kila mmoja anasimama peke yake.

Alama za kunukuu hazisikiki, kwa hiyo weka msemaji mbele ya maneno yake: "Dereva akasema, hatuondoki mpaka gari lijae." Ukimweka nyuma, msikilizaji atadhani ni maneno ya msimulizi hadi mwisho wa sentensi. Nyota tatu katikati ya ukurasa hazisikiki pia. Panapobadilika wakati au mahali, mwandishi aseme: kesho yake, mwaka ule wa njaa, huku nyuma Tororo. Muziki wa sekunde tano unaweza kusaidia, ila usiutegemee peke yake.

Sasa suala la Kiswahili chenyewe, ambalo wahariri wengi hulikosea. Mwandishi wa Uganda haandiki kama mtu wa Unguja, na asilazimishwe. Mama wa Bukavu aliyeko Nakivale akiita "batoto bangu" ndani ya hadithi, aachwe aite hivyo. Afande akiamrisha kwa Kiswahili cha kambini, amri ibaki ya kambini. Maneno kama kaveera (mfuko wa plastiki) na ssenga (shangazi) yaingie hadithini bila maelezo, maana msikilizaji wa Uganda anayajua, na wa ng'ambo ataelewa kwa muktadha. Sahihisha pale tu maana inapopotea au upatanisho wa ngeli unapomfanya msikilizaji akwame. Katika usimulizi, nje ya midomo ya wahusika, kaeni na mwandishi mkubaliane kiwango. Akitaka sanifu, msaidie afike. Akitaka Kiswahili cha kwao, kilinde hadi mwisho, hata meneja akikunja uso.

Mwisho, mwandishi asome hadithi yake kwa sauti mbele yako huku ukiwa na kalamu. Kila mahali anapojikwaa, weka alama. Penye alama tatu katika aya moja, aya iandikwe upya. Lihifadhi toleo la kwanza, refu, alilokuletea kabla hamjapunguza. Ni mali yake, na huenda akalihitaji kwa kazi nyingine.

Hatua ya nne: makubaliano yaandikwe

Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ambayo mwandishi anaielewa bila wakili. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na ulinzi huo huanza hadithi inapoandikwa. Kuisajili kwenye ofisi ya usajili, URSB, ni hiari. Basi karatasi yenu itamke kwamba hadithi inabaki kuwa yake, kwamba kipindi kimeruhusiwa kuitangaza mara moja na kuirudia mara moja, kiasi atakacholipwa na siku ya kulipwa, na jina litakalotajwa. Kama mnataka kuiweka pia kwenye intaneti, iwe ruhusa ya peke yake yenye sahihi yake.

Kabla hajatia sahihi, muulize kama ana mpango wa kuipeleka hadithi hiyo kwenye shindano. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano, hupokea hadithi za Kiswahili bila ada, za maneno 2000 hadi 5000, lakini inataka zisizowahi kuchapishwa. Asome masharti kwanza, kisha aamue hadithi ipi ni ya redio na ipi ya shindano.

Mwandishi mkimbizi anahitaji uangalifu zaidi. Ukitaja jina lake, kijiji alichotoka na makazi anayoishi sasa, unaweza kumwonyesha njia mtu anayemtafuta. Mweleze hivyo ana kwa ana, na jina la kalamu liwe la kwanza kupendekezwa.

Hali kadhalika hadithi inayomhusu mwenyekiti mlevi wa LC1 (baraza la kijiji) aliyeuza kiwanja cha mjane. Kijiji kizima kitamtambua. Badilisha mahali, umri, kiwanja kiwe ng'ombe, hadi hata jirani asiweze kuapa kwamba ni yeye.

Hatua ya tano: kituo, saa na pesa

Kituo chochote cha FM kinafanya kazi kwa leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC, na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 ina kiambatisho cha viwango vya chini vya utangazaji: kipindi kisivunje maadili ya umma, kisichochee vurugu wala chuki za kikabila. Meneja ataogopa leseni yake, na ana haki. Mpe hadithi zote kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kusomwa hewani, na mkubaliane mapema nani ana neno la mwisho. Neno likikatwa hewani bila mwandishi kujua, umempoteza.

Redio ya umma ya UBC, na zile zenye mwelekeo wa jamii kama Mega FM ya Gulu au Mama FM ya Kampala, iliyoanzishwa na chama cha wanawake wanahabari, ni mahali pazuri pa kubisha hodi kwanza. Vituo vya biashara watakuuliza mdhamini. Tafuta wachapishaji wa vitabu vya shule, maduka ya sola, SACCO, shule binafsi. Mwanasiasa anayegombea akijitolea kulipa, mshukuru na ukatae. Akishalipa yeye, hadithi zote zitasikika kama za kampeni yake.

Saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari ni nzuri kuliko zote, na ni ghali. Jumapili alasiri haiko mbali nayo. Saa tano asubuhi siku ya kazi ina wasikilizaji wake pia: mafundi cherehani, wenye saluni, wauza duka.

Hatua ya sita: msomaji na kurekodi

Mwandishi si lazima awe msomaji. Wengi husoma mbio kwa woga. Wajaribu ukurasa mmoja: mwandishi asome, kisha mtu mwingine mwenye sauti tulivu, na mwandishi mwenyewe achague. Akimchagua mwingine, sauti yake mwandishi isikike kwenye utambulisho na mazungumzo. Msomaji asiigize lafudhi za makabila kwa kuchekesha watu. Anayesikiliza Karamoja au Kisoro asijisikie kadhihakiwa.

Kwa Kiswahili, msomaji mzuri hutumia dakika moja kwa maneno 110 hadi 120 hivi. Hadithi ya maneno 1500 ni dakika kumi na tatu. Anayeimaliza kwa dakika tisa anakimbia.

Studio ikikosekana, chumba kidogo chenye godoro, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa kinafaa. Ukuta mtupu unarudisha mwangwi. Zima friji, weka simu zote hali ya ndege, na urekodi alfajiri au usiku mnene, kabla boda boda hazijaamka. Wingu likitanda, ahirisha. Mvua juu ya mabati hakuna programu itakayoiondoa. Kipaza sauti kikae shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo badala ya mbele, ili P na B zisipige. Karatasi zisibanwe pini. Msomaji amalize ukurasa, anyamaze, auweke chini, ndipo aendelee. Akikosea, apige kofi moja na kurudia sentensi kutoka mwanzo. Kofi litaonekana kama mnara kwenye picha ya sauti, na mhariri atalipata bila kusikiliza saa nzima.

Kabla hamjaondoka, rekodini ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Huo ndio wa kuziba panapokatwa, maana ukimya wa kompyuta husikika kama shimo. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Hifadhi faili la WAV, na la kutuma liwe MP3. Ukituma kwa WhatsApp, litume kama hati, lisiende kama ujumbe wa sauti, kwa kuwa ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza ubora. Halafu likiwa tayari, lisikilize kwenye redio ndogo au spika ya simu, sio kwenye hedifoni nzuri tu. Wasikilizaji wako wengi wana spika moja ndogo, jikoni, na kelele pembeni.

Muziki wa utambulisho usiunyakue kwenye wimbo unaopendwa. Mtafute mpiga adungu au endongo (ala za nyuzi), mlipe akupigie dakika mbili, atie sahihi. Ukitaka wimbo wa mtu, uliza kituo kama kimelipia leseni ya UPRS, chama cha haki za wanamuziki.

Hatua ya saba: kipindi chenyewe

Mpangilio huu unajaza dakika thelathini: utambulisho moja, mtangazaji na mwandishi mbili, hadithi kumi na tatu, tangazo la mdhamini mbili, mazungumzo sita, simu na ujumbe nne, mwito na kufunga mbili. Hadithi isikatwe katikati na tangazo la sabuni. Hilo liwe sharti la mkataba.

Jina la mwandishi litajwe kabla ya hadithi, mara baada yake, na wakati wa kufunga, kwa sababu watu hufungua redio katikati. Mtangazaji aseme kwa utulivu, kwa mfano: "Hadithi ya usiku huu inatoka Malaba. Imeandikwa na binti anayefundisha darasa la nne, na ni ya kwanza kwake kusikika redioni. Kaa karibu." Asieleze hadithi inahusu nini.

Kwenye mazungumzo, maswali ya jumla huleta majibu ya jumla. Chukua sentensi moja ya hadithi, isome tena, umuulize mwandishi aliipataje. Muulize alichokifuta. Wasikilizaji wenye hadithi sandukuni watajifunza zaidi hapo kuliko kwenye darasa.

Simu za wasikilizaji zipokelewe kwanza nje ya hewa. Atapiga mtu wa kukosoa Kiswahili cha mwandishi. Mpe nafasi kwa adabu, "Asante, mzee wangu, tumekusikia," kisha mrudishe kwenye hadithi: alimwelewa mama yule? Angefanya nini mahali pake? Mtangazaji ndiye ngao ya mwandishi pale studioni, na ajue hivyo kabla taa nyekundu haijawaka.

Kesho yake mpe mwandishi nakala ya kipindi, na mwandikie yaliyosemwa na wasikilizaji, mazuri na magumu. Andika daftarini tarehe, jina, hadithi, msomaji, kama imeshalipiwa na kama imeshasikika mara ya pili. Daima uwe na hadithi sita zilizo tayari mbele yako. Zikibaki tatu, fungua mwito upya wiki hiyo hiyo.